Jamu ya embe bila pektini ya dukani: kwa nini sufuria moja inaganda na nyingine inabaki sharubati?

#1 Mwembe wa Mkuranga
Wakuu, habari za jioni. Nasema wazi kabisa: msimu wa embe ukiwa umefika, mtu wa Pwani hana sababu ya kununua jamu ya dukani, wala hana sababu ya kununua pektini, ule unga wa kugandishia jamu ambao pakiti moja ndogo bei yake inazidi kilo kadhaa za sukari. Embe dodo zilizochubuka kidogo njiani nazipata hapa ndoo ya lita kumi kwa elfu tatu. Namenya, nakata, nachemsha mpaka zilainike, naponda kwa mwiko, naweka sukari robo tatu kwa kila kilo ya nyama ya embe, nakamulia malimao, nakoroga mpaka inashika. Basi.

Sasa swali. Kipimo ni kilekile, jiko lilelile, mkono uleule. Leo inaganda vizuri, ukiinamisha chupa haitembei. Wiki ijayo inabaki nzito kama sharubati, ukiipaka kwenye mkate inakimbilia mkononi. Ladha nzuri, lakini haigandi. Wanaotengeneza bila pektini ya kununua, mnafanyaje ili itoke sawa kila mara?

#2 Chura wa Bondeni
Naweka kambi hapa. Mwenye chapati aje nayo.

#3 MamaJikoni
Dada Mwembe, jibu liko kwenye embe zenyewe. Embe ikiiva sana ile pektini yake inavunjika, ndiyo maana tunda linalainika. Ukinunua zilizoiva mpaka zinanukia mtaa mzima, umenunua utamu na rangi, si ugumu. Mimi kila kilo tatu za embe mbivu naweka kilo moja ya embe zilizokomaa lakini bado ngumu, zile ambazo ukizikata katikati nyama imeanza njano na pembeni bado nyeupe. Hizo ndizo zinazogandisha. Zile za kuchubuka njiani leo zinakuja mbichi kidogo, kesho zinakuja zimeiva kupita kiasi. Kipimo hakijabadilika, tunda limebadilika.

#4 Fundi Chupa
Naunga mkono hoja kwa sehemu. Lakini mkuu hapo juu umeruka jambo la uchachu. Pektini peke yake haishiki kitu. Vinatakiwa vitu vitatu vikutane: pektini, sukari ya kutosha na tindikali. Embe mbichi ina vyote viwili, pektini na uchachu, ndiyo maana ukiichanganya inafanya kazi. Embe ikiiva uchachu unashuka sana. Kwa hiyo inawezekana kinachoponya sufuria yako si pektini ya embe mbichi, ni ukali wake. Weka vijiko viwili vya mezani vya maji ya limao kwa kila kilo ya nyama ya tunda, kisha onja. Ukionja, utamu uje kwanza halafu ukali ukubane kidogo pembeni ya ulimi. Kama hukubanwi, ongeza.

Na mbegu za malimao msitupe. Zifungeni kwenye kitambaa safi pamoja na ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda, mtumbukize sufuriani tangu mwanzo, mkikaribia kuipua mkamue kile kifungu. Utaona kitu kama ute kinatoka. Hiyo ndiyo pektini, na hujailipia hata senti.

#5 Mwembe wa Mkuranga
Shukrani Fundi. Malimao naweka, ila sijawahi kutumia mbegu. Na limao unaweka mwanzo au mwisho?

#6 Fundi Chupa
Mwanzo. Tindikali inasaidia kuitoa pektini kwenye tunda, na inaivunja sukari kidogo ili jamu isije ikafanya chengachenga ikikaa kabatini.

#7 Ngosha Mpishi
Hapana mkuu, mwisho. Ukichemsha pektini muda mrefu ndani ya uchachu unaivunja vipande. Mimi nakamulia limao dakika tano za mwisho, na nanasi za huku Sengerema zinaganda, wakati nanasi lenyewe lina pektini kidogo kuliko embe.

#8 Fundi Chupa
Zinaganda kwa sababu nanasi lina uchachu wake tangu shambani. Hilo limao lako la mwisho ni harufu tu.

#9 Ngosha Mpishi
Njoo Mwanza nikuwekee kwenye mkate, halafu useme ni harufu.

#10 Bibi wa Makueni
Hamjambo nyote. Mimi niko Makueni, Kenya, huku maembe msimu ukichacha yanaoza chini ya miti. Wale walio karibu na kiwanda cha matunda cha Kalamba wanapeleka huko, sisi wengine tunapika jemu. Hilo suala la limao linategemea unachemsha kwa muda gani. Ukipika kidogo kidogo, dakika ishirini au thelathini, mwanzo au mwisho hakuna tofauti kubwa. Ukijaza sufuria ya harusi uchemshe saa mbili, hapo kila kitu kinaharibika: pektini inavunjika, rangi inakuwa ya udongo, na ile harufu ya embe inabaki jikoni badala ya kwenye chupa.

Dada wa Mkuranga, sufuria zako zilizokataa zilikuwa kubwa kuliko zilizokubali?

#11 Mwembe wa Mkuranga
Mama Makueni, umeniwahi. Siku nyingine napika ndoo nzima kwa mpigo ili kuokoa mkaa. Ila si kila sufuria iliyokataa ilikuwa kubwa.

#12 Bibi wa Makueni
Basi anza hapo. Sufuria pana na fupi, si ndefu na nyembamba. Kilo mbili za tunda kwa mara moja, isizidi nusu ya kina cha sufuria, moto mkali. Mvuke utoke haraka. Mkaa utautumia karibu uleule ukijumlisha yote.

#13 Chura wa Bondeni
Mkaa uleule? Mama, hapa Dar gunia la mkaa ni mazungumzo ya kikao cha familia.

#14 Ngosha Mpishi
Chura, gesi. Jamu inaiva haraka, moto unaupunguza kwa kidole. Mkaa ukishawaka umewaka, na jamu ya embe ikianza kushika inaungua chini ukigeuka tu kumjibu mtu mlangoni.

#15 MamaJikoni
Tena mwiko uwe mrefu, na mkono ufunikwe kwa kitambaa. Embe nzito inachemka kwa kuruka. Tone moja la sukari ya moto kwenye ngozi linabandika, halitoki kama maji. Watoto wakae mbali na jiko, hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni.

#16 Baridi Kali
Wakuu, mimi niko Njombe. Embe zinatufikia kwa fuso kutoka chini huko. Natia neno moja ambalo halijaguswa: mwinuko. Maelekezo mengi yanasema jamu imeiva kipimajoto kikifika nyuzi 105. Hiyo ni ya watu wa usawa wa bahari. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94. Jamu inaiva ikizidi kiwango cha maji yako kuchemka kwa nyuzi nne hadi tano, kwa hiyo kwetu ni kama 98. Mtu wa Njombe akisubiri 105 anatoa pipi, si jamu. Kwa haraka haraka, kila mita 300 unazopanda, toa nyuzi moja.

Kwa hiyo kabla hujapika, tumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka, soma namba, ongeza nne au tano. Hiyo ndiyo namba ya nyumbani kwako.

#17 Mwembe wa Mkuranga
Elimu nzuri mkuu, ila Mkuranga hatuna milima na mimi sina kipimajoto. Natafuta njia ya mtu mwenye sufuria na mwiko.

#18 Mwalimu Kipimo
Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Dada Mwembe, una mzani? Hata ule wa jikoni wa bei rahisi, au ule wa kuning'iniza wa kupimia nyanya sokoni. Kama unao, sahau kipimajoto.

Jamu ya kukaa kabatini inatakiwa iwe na sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka kama asilimia 65 ya uzito wake. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2009 kwa jamu kinataja asilimia 60 hadi 65. Kilichobaki ni maji. Sasa hesabu: kilo moja ya nyama ya embe mbivu ina kama gramu 150 za utamu wake wenyewe. Umeongeza sukari gramu 750. Jumla gramu 900. Gawa kwa 0.65, unapata karibu kilo 1.4. Maana yake, ulianza na kilo 1.75 sufuriani, unatakiwa uchemshe mpaka ibaki kilo 1.4. Si zaidi, si pungufu.

Pima sufuria tupu kwanza, andika uzito wake ukutani kwa mkaa. Ukihisi imekaribia, ipua, weka kwenye mzani, toa uzito wa sufuria. Imebaki kilo 1.55? Rudisha jikoni. Hapo hubahatishi tena, na iwe Njombe iwe Mkuranga, hesabu haibadiliki.

#19 Chura wa Bondeni
Mwalimu, mimi najua kilo ya sukari na kilo ya tunda inatoa kilo mbili za jamu. Hizo nyingine zinakwenda wapi?

#20 Mwalimu Kipimo
Zinakwenda kwenye dari kama mvuke. Kilo kwa kilo: gramu 1,000 na 150, gawa kwa 0.65, kama kilo 1.77. Anayepata kilo mbili kamili ana maji ya ziada, na jamu yake itaota ukungu kabla haijaisha.

#21 MamaJikoni
Mzani ni mzuri, ila bibi zetu hawakuwa nao. Weka kisahani kwenye friza, au kwenye maji ya baridi kama huna friza. Dondosha jamu kidogo, subiri ipoe, sukuma kwa kidole. Ikifanya mikunjo mbele ya kidole, tayari. Ikirudi kujaza njia uliyoichora, bado. Na muhimu, sufuria uwe umeipua wakati unasubiri kisahani, la sivyo unapima ya dakika tatu zilizopita huku ya sasa inaungua.

Halafu sikiliza na utazame. Mwanzo povu ni dogo na jepesi, linapanda. Inapokaribia, povu linashuka lenyewe, mapovu yanakuwa makubwa, yanapasuka taratibu kwa sauti nzito. Ukiinua mwiko, matone mawili yanakutana ukingoni na kuanguka kama kipande kimoja.

#22 Mwalimu Kipimo
Kisahani kinakuambia imeganda. Mzani unakuambia itakaa. Ni mambo mawili. Jamu yenye embe mbichi nyingi na limao inaweza kukunjamana kwenye kisahani wakati bado ina maji mengi.

#23 Fundi Chupa
Hapo mwalimu umesema kweli.

#24 Kijana wa Darajani
Asalaam aleykum. Hapa Unguja, maembe si sawa. Boribo si dodo, dodo si sindano, na sindano si shomari. Watu wanazungumza kana kwamba embe ni embe. Boribo lina nyama laini na maji kidogo, jamu yake inashika upesi. Dodo lina maji. Huyo dada akinunua ndoo iliyochanganywa, kila wiki anapika tunda jingine. Mama yangu hatii kitu ila boribo, na iliki punje tatu na kijiti cha mdalasini, navyo vinatolewa kabla ya kutia chupani. Karafuu moja tu, ikizidi inakuwa dawa ya jino.

#25 Mwembe wa Mkuranga
Kaka, hapa naambiwa zote dodo. Nikizitazama vizuri nyingine ndefu, nyingine duara.

#26 Kijana wa Darajani
Basi si dodo zote hizo.

#27 Mjasiria Kwanza
Wadau, mnajisumbua. Njia rahisi ya kugandisha: wanga wa mahindi vijiko viwili, koroga kwenye maji baridi, mimina mwishoni. Inashika palepale na chupa zinaongezeka. Na papai kidogo kuongeza ujazo, rangi zinafanana. Hakuna anayejua.

#28 MamaJikoni
Anayekula anajua. Huo ni uji wa embe. Ukikaa kidogo unatoa maji juu, na ule wanga unaukaribisha ukungu. Kama ni wa kula jioni hii na watoto, sawa. Kuuweka kwenye chupa na kuandika "jamu ya embe", hapana.

#29 Bibi wa Makueni
Papai si dhambi, mwanangu, andika tu kwamba ni embe na papai. Ila papai halina uchachu. Ukichanganya nusu kwa nusu na hukuongeza limao, haitaganda na haitakaa salama. Kila ukiongeza tunda lisilo kali, mkono uende kwenye limao.

#30 Mjasiria Kwanza
Nimewaelewa kwenye wanga. Na dawa ya kuhifadhi? Mimi naweka sodiamu benzoeti kijiko kimoja cha chai kwa kilo.

#31 Mwalimu Kipimo
Ndugu yangu, simama hapo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Codex kwenye jamu ni miligramu 1,000 kwa kilo, yaani gramu moja. Kijiko cha chai kinabeba gramu kadhaa. Unawapa watu mara kadhaa ya kinachoruhusiwa. Kama huna mzani wa kupima gramu moja, usiitumie kabisa. Na jamu iliyochemshwa mpaka asilimia 65, yenye limao, ikajazwa ya moto kwenye chupa safi na kufungwa, haihitaji hiyo dawa.

#32 Chura wa Bondeni
Leo Mwalimu kaja na fimbo.

#33 Mjasiria Kwanza
Sawa Mwalimu, naacha. Basi nielekezeni chupa, maana kwangu ukungu ndio ulionifikisha kwenye hiyo dawa.

#34 Fundi Chupa
Hapo ndipo nilipopatia jina langu. Gharama kubwa ya jamu ya nyumbani si embe, si sukari, ni chupa. Mpya zinakula faida yote. Waambie majirani, wenye migahawa na wauza chipsi wakutunzie za kioo zenye mfuniko wa bati wa kuzungusha. Kioo kinarudi kazini miaka, mfuniko haudumu hivyo. Mfuniko ukiwa umeliwa na kutu, umekunjika ukingoni, au ule mpira wa ndani umeshika harufu ya achari, tupa. Embe yenye harufu ya kitunguu saumu haiuziki.

Osha kwa sabuni, tumbukiza chupa na mifuniko kwenye maji yachemke dakika kumi. Toa, zigeuze juu ya kitambaa safi, zikae za moto. Jamu ya moto kwenye chupa ya baridi inapasua kioo. Jaza jamu ikiwa bado inatoka jikoni, acha nafasi ndogo tu, nusu sentimita, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kilichochemshwa, funga, ilaze kichwa chini dakika chache ili moto uuguse mfuniko. Ikipoa, katikati ya mfuniko inatakiwa iwe imezama. Ukibonyeza ikilia "tiki", hiyo haijashika, ile ndiyo ya kula kwanza.

Na msijaze chupa za plastiki za maji ya kunywa. Zinajikunja kwa joto na haziwezi kuchemshwa.

#35 Chura wa Bondeni
Ukungu ukiwa juu tu, si unakwangua unaendelea? Babu yangu alifanya hivyo na kafika miaka tisini.

#36 Mwalimu Kipimo
Babu apewe heshima yake. Ila ukungu una mizizi usiyoiona, na aina nyingine zinaacha sumu ndani ya kilicho chini yake. Tupa chupa yote. Ndiyo maana napendekeza chupa ndogo: ikiharibika moja, umepoteza kidogo.

#37 Baridi Kali
Na sufuria je? Wengi tuna za alumini. Nimesikia uchachu unazila.

#38 Ngosha Mpishi
Nimepika kwenye alumini tangu nianze, sijaona shida.

#39 MamaJikoni
Angalia ndani ya sufuria baada ya kupika kitu chenye limao, inang'aa kama mpya. Ule weusi uliotoka umekwenda wapi? Kwenye jamu. Kwa kupika nusu saa wengi hatufi, lakini ladha ya chuma inakuja, na kuiacha jamu ilale humo usiku kucha haifai. Mwenye sufuria ya stili yenye kitako kinene atumie hiyo. Kitako chembamba kinaunguza.

#40 Choya ya Dodoma
Habari wakuu. Huku Dodoma malimao wakati mwingine yanapanda bei kuliko tunda lenyewe. Tunatumia choya, yaani rosela. Ile kavu ya kutengenezea juisi, chemsha konzi moja kwenye maji kidogo, chuja, hayo maji mekundu weka badala ya limao. Ni makali na yanasaidia kushika. Embe inageuka rangi ya machungwa yaliyoiva jua, watoto wanaipenda. Na choya mbichi yenyewe inatoa jamu nzuri bila tunda jingine: yale maganda mekundu unayapika, vile vidude vya ndani vyenye mbegu unavichemsha pembeni ukachuja ute wake ukaongeza. Inaganda kuliko embe.

#41 Bibi wa Makueni
Hii ya choya nimeiandika. Huku kwetu ninachotumia ni mapera. Pera lina pektini nyingi. Nakata mapera yaliyokomaa bado magumu, nayafunika na maji, nachemsha mpaka yalegee, nachuja kwenye kitambaa bila kukamua usiku mzima. Kikombe kimoja cha maji hayo kwa kilo mbili za embe. Msimu wa mapera usipolingana na wa maembe, hayo maji nayagandisha kwenye friza.

Asiye na mapera achukue maganda ya pasheni, yale yanayobaki baada ya juisi. Chemsha mpaka sehemu nyeupe ya ndani iwe kama jeli, ikwangue kwa kijiko, iponde. Wauza juisi wanayatupa kwa magunia.

#42 Mwembe wa Mkuranga
Wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Hesabu yangu ya karibuni kwa wanaotaka bei: kilo mbili za embe nzima zikatoa karibu kilo ya nyama, 1,200. Sukari robo tatu, 2,200. Malimao 300. Mkaa 700. Jumla 4,400 kwa jamu ya kilo 1.4, yaani chini ya 1,600 kwa nusu kilo, chupa za kuokoteza. Jamu ya nusu kilo duka la jirani ni mara tatu ya hapo.

#43 Chura wa Bondeni
Na jasho lako umeliweka kwenye hesabu?

#44 Mwembe wa Mkuranga
Ya kula nyumbani sijihesabii. Ya kuuza, ndiyo, naongeza.

#45 Ngosha Mpishi
Hesabu ya sukari haitulii. Mwanzoni mwa 2024, baada ya zile mvua za El Niño kuvuruga viwanda vya sukari, kilo ilipanda mpaka watu wakaacha kuoka. Siku zile nilipunguza sukari mpaka nusu kilo kwa kilo ya nanasi.

#46 Mwalimu Kipimo
Na ukachemsha mpaka ibaki ngapi? Nusu kilo ya sukari inakupa kama kilo moja ya jamu. Ukiiacha nyingi kuliko hapo ni nzuri, ila ikae kwenye friji na iliwe ndani ya wiki chache. Sukari si utamu tu, ndiyo inayoyafunga maji ili vimelea visiyapate.

#47 Mjasiria Kwanza
Nikitaka kuuza rasmi naanzia TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa?

#48 Fundi Chupa
TFDA kwa chakula haipo tena, mkuu. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, ile nyingine ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako. Wanafundisha usindikaji, na kwa mjasiriamali mdogo barua yao inakusaidia ukifika TBS. Usianze kwa kuchapisha lebo elfu moja kabla hujajua inatakiwa iandikweje.

#49 Mwembe wa Mkuranga
Wakuu, nimerudi na majibu. Nimepika jana: kilo mbili tu za nyama ya embe, sufuria pana, robo ya embe zikiwa bado ngumu, mbegu za malimao kwenye kitambaa, na nimeazima mzani wa duka, nikaipua ilipobaki kilo 2.8. Imeganda. Nimelaza chupa, haisogei, na rangi ni ya dhahabu. MamaJikoni, Mama Makueni, Fundi, Mwalimu, ahsanteni sana.

#50 MamaJikoni
Nilisema. Embe ngumu.

#51 Fundi Chupa
Mbegu za malimao.

#52 Bibi wa Makueni
Hongera mwanangu. Sufuria ndogo hiyo.

#53 Mwalimu Kipimo
Hongera. Ila umebadilisha vitu vingi kwa mpigo, kwa hiyo bado hatujui ni kipi kimeiponya. Ukipata nafasi, pika sufuria mbili siku moja kutoka ndoo moja ya embe, zote uzipime kwa mzani, moja iwe na embe ngumu na nyingine mbivu tupu, mengine yote sawa. Ikiganda zote mbili, MamaJikoni itabidi atuambie vingine.

#54 MamaJikoni
Mwalimu, haitaganda ile ya mbivu tupu. Nasubiri hapahapa.

#55 Kijana wa Darajani
Na zote ziwe boribo, au zote dodo. Msichanganye.

#56 Choya ya Dodoma
Swali la pembeni: maganda ya embe mnayatupa? Nasikia nayo yana pektini nyingi.

#57 Bibi wa Makueni
Yanayo kweli. Nimewahi kuyachemsha ya embe aina ya apple, nikachuja, maji yake yanashika vizuri. Ya embe ngowe yaliniachia uchungu kidogo na harufu ya utomvu. Uyaoshe sana sehemu ya kikonyo, ule utomvu unawasha watu wengine midomo mpaka wanavimba. Mwenye ngozi nyepesi asiguse.

#58 Ngosha Mpishi
Kama ni hivyo, embe mbichi zilizobaki zipelekeni kwenye achari. Pilipili, haradali, chumvi, hakuna cha kuganda.

#59 Chura wa Bondeni
Achari fungueni uzi wake, huu ni wa watu wa mkate.

#60 Baridi Kali
Kabla hamjaondoka: huku pichesi zinakaribia kuanza kuanguka. Kuna aliyewahi kuzipika bila pektini? Zetu ni zile ndogo, nyama nyeupe.

#61 Bibi wa Makueni
Pichesi pektini yake ni ndogo, usizitegemee peke yake. Kama tufaa zipo sokoni wakati huo, chukua za kijani zisizoiva, ukate na maganda na mbegu zake, uchemshe uchuje kama nilivyosema ya mapera. Sehemu moja ya maji hayo kwa nne za pichesi, limao juu yake. Na menya pichesi kwa kuzitumbukiza kwenye maji ya moto dakika moja, ganda linavuka lenyewe.

#62 Fundi Chupa
Limao tangu mwanzo.

#63 Ngosha Mpishi
Mwisho.